Kumtambua chozi: anza na mdomo, rangi ije baadaye

Chozi hana haja ya kutafutwa porini. Pakiwa na mgomba uliotoa ua, mshubiri au hibiski ukutani, atakuja mwenyewe: ndege mdogo, mdomo mwembamba uliopinda kwenda chini, harukiruki kwa utulivu bali hukatiza kama aliyechelewa. Dume humetameta kijani, zambarau au dhahabu, jike huwa na rangi za vumbi. Kujua kwamba ni chozi ni kazi ya dakika moja. Kujua ni chozi yupi ndiko kunakowashinda watu, maana Kenya peke yake ina aina zaidi ya 30, na ile rangi inayomvuta mtazamaji ndiyo inayompoteza.

Ondoa kwanza wasiohusika. Ndege-mvumaji wa kwenye televisheni wanaishi mabara ya Amerika tu, hapa kwetu hayupo hata mmoja. Chozi hutua, akashika kikonyo kwa miguu, ndipo akazamisha mdomo ndani ya ua. Anaweza kuelea hewani, lakini kwa sekunde chache, pale asipopata pa kushika. Ukiona kitu kinaelea mbele ya maua jioni bila kutua kabisa, tazama kichwani: kikiwa na papasi ni nondo. Keremkerem naye ana mdomo uliopinda, ila ni mkubwa zaidi, hukaa wazi kwenye waya na kunasa nyuki wakiruka. Na yule mdogo wa kijani-manjano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho ana mdomo mfupi ulionyooka. Huyo si chozi, hata kama mnakutana naye kwenye ua lilelile.

Kwa nini rangi inadanganya

Kijani, buluu na zambarau ya chozi haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Inatokana na umbo la vipande vidogo mno vya unyoya vinavyorudisha mwanga kwa namna fulani. Mwanga usipolifikia jicho lako kwa pembe inayofaa, ndege anaonekana mweusi tii. Dume mmoja anaweza kuwa mweusi, akageuza shingo akawa kijani, akageuka tena akawa zambarau, na mtazamaji akaandika aina tatu.

Nyekundu ya kifuani, manjano ya tumboni, kahawia na kijivu ni rangi halisi, hazibadiliki ndege akigeuka. Hizo ndizo za kuziamini kwanza. Kwa zile za kumetameta, simama jua likiwa mgongoni mwako, kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Adhuhuri jua liko utosini: mgongo unang'aa mno, kidari kimo kivulini, nawe hujui unachokiona. Ndege aliye kwenye kilele cha mti dhidi ya anga jeupe usihangaike na rangi zake kabisa. Chukua umbo na sauti, umngoje ashuke.

Darubini ya 8x32 au 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele ikiwa na milimita 32 au 42) inatosha. Ya 10x hukuza zaidi, lakini hutikisika na eneo unaloliona ni finyu, na chozi hakai mahali pamoja. Angalia pia kwamba inaweza kulenga kitu kilicho mita 2 hadi 3, kwa sababu mara nyingi atakuwa karibu kuliko unavyotarajia. Usimkimbize. Chagua mmea mmoja uliochanua vizuri, simama mita 6 au 8 kutoka hapo, ukae kimya. Mbochi, yaani maji matamu ya ua, hujirudisha taratibu baada ya kunyonywa, kwa hiyo aliyeondoka atarudi.

Utaratibu wa kumsoma

Tazama mdomo kabla ya kitu kingine chochote. Ulinganishe na urefu wa kichwa. Mfupi usiozidi sana kichwa, uliopinda kidogo, unakuelekeza kwa chozi wadogo kama yule wa kijani na manjano wa bustanini (kwa jina la kisayansi Hedydipna collaris). Mrefu na wa upinde wa wastani ni wa kidari-chekundu (Chalcomitra senegalensis). Uliokunjika ghafla mithili ya mundu ni wa chozi bawa-dhahabu (Drepanorhynchus reichenowi), na hapo hakuna wa kumchanganya naye.

Kisha ukubwa. Shomoro awe kipimo chako, kwa kuwa ana takriban sentimita 15. Collaris ana kama sentimita 10, kidari-chekundu anamkaribia shomoro kwa urefu ingawa ni mwembamba zaidi. Tatu, mkia: je, manyoya mawili ya katikati yamerefuka kupita mengine? Hiyo ni alama ya dume wa aina chache tu, na majike wao hawana. Angalia tu kwamba manyoya hayo huvunjika na hung'oka, hivyo mkia mfupi haukanushi kitu.

Nne, uko wapi, na mahali hapo pana mwinuko gani kutoka usawa wa bahari. Swali hili hupunguza orodha kuliko yote, na ndilo wanaoanza hulisahau.

Ukanda wa pwani, tuseme Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, dume mdogo wa kijani mwenye ukanda wa zambarau kifuani na tumbo jeusi ni Cinnyris bifasciatus. Bara ana mwenzake aliyevaa nguo zilezile, Cinnyris mariquensis. Wengi huwatenganisha kwa kukodolea macho ule ukanda, ambao hausaidii sana. Tofauti iko kwenye mwili: mariquensis ni mkubwa, sentimita 13 au 14 dhidi ya 10 au 11, na mdomo wake ni mrefu na mnene zaidi. Pwani hiyohiyo, kwenye vichaka na kandokando ya mikoko, yuko chozi wa kijivu asiye na mbwembwe, Cyanomitra veroxii, ambaye dume na jike wanafanana. Watu humpita wakidhani ni jike wa aina nyingine. Mtu akikuambia ameona majike wawili wakiimbiana kwa nguvu pwani, mshuku huyu.

Pemba ina wake, Cinnyris pembae, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, ingawa kisiwani kwenyewe haadimiki: yumo mashambani na bustanini. Mwenye bahati mbaya zaidi ni chozi wa Amani (Hedydipna pallidigaster), dume mwenye kichwa cha kijani cheusi na tumbo jeupe, aliyebaki kwenye misitu michache kama Usambara Mashariki na Udzungwa kule Tanzania, na Arabuko-Sokoke kwenye pwani ya Kenya. Huko Arabuko-Sokoke mtafute kwenye miti ya mirihi (Brachystegia), si kwenye msitu mwingine wowote uliomo humo, na uandae shingo: hupenda vilele.

Miji ya nyanda za juu, Nairobi, Arusha, Kigali, ni ya chozi shaba (Nectarinia kilimensis). Dume ana mkia mrefu, kwa jumla kama sentimita 22, na mwili unaong'aa kijani cha dhahabu. Ukipanda kupita mita 2,000 hivi anaanza kuonekana Nectarinia tacazze, mwenye umbo hilohilo lakini mng'ao wa zambarau. Mwanga ukiwa mbaya wote wawili ni weusi wenye mikia. Hapo mwinuko ndio shahidi wako, na ukiwa mahali ambapo wanakutana, ngoja mwanga. Juu kabisa, kwenye milobelia mikubwa ya Mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori, yupo Nectarinia johnstoni, wa kijani, mkia mrefu, na vishungi vyekundu ubavuni. Binamu yake anayeishi chini zaidi, Nectarinia famosa, ana vishungi vya manjano. Vishungi hivi hufichwa chini ya bawa, huchomoza dume anapogombana au kumchumbia jike, basi usikate tamaa usipoviona.

Kando ya Ziwa Viktoria, Kisumu, Entebbe au Mwanza, dume mwenye ukanda mwekundu kifuani na mkia uliorefuka kiasi ni Cinnyris erythrocercus. Nyikani, kama Tsavo, kidari chekundu kinaweza kuwa cha Chalcomitra hunteri: koo lake ni jeusi, na kiuno kina zambarau, ilhali senegalensis ana kijani kidevuni na nyekundu yake imenyunyiziwa vidoa vya buluu. Aina nyingine zimefungwa mlima mmoja mmoja. Cinnyris loveridgei yuko Uluguru tu, Cinnyris rufipennis Udzungwa tu. Usiwaandike kwa kumwona ndege bustanini Morogoro mjini. Hao ni wa msituni, juu.

Walioko Oman nao hawakukosa. Bustani za Muscat zina Cinnyris asiaticus, dume wa zambarau nyeusi, na Dhofar, kusini mwa nchi, ina Cinnyris osea na Cinnyris hellmayri. Huyu wa mwisho zamani alihesabiwa aina moja na Cinnyris habessinicus, aliyeko kaskazini mwa Kenya.

Jihadhari na Cinnyris venustus, maana anabadilika kwa eneo. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania tumbo lake ni manjano, mashariki kame ya Kenya ni jeupe, magharibi mwa Uganda na Rwanda huingia rangi ya machungwa. Ni ndege mmoja.

Majike, na madume wasiokamilika

Hapa ndipo pana kazi. Jike hana mng'ao, basi jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu: mgongo ni wa kijani au kahawia, chini kuna michirizi, mabaka, au ni safi, je, kuna ushi mweupe juu ya jicho?

Mgongo wa kijani na tumbo la manjano safi: collaris. Ni jike rahisi kuliko wote, na mzuri wa kuanzia. Kahawia iliyokolea, kifua na tumbo vikiwa na mabaka mazito yaliyojaa kama magamba: senegalensis. Kahawia yenye ushi mweupe na michirizi iliyotawanyika juu ya weupe: Chalcomitra amethystina, ambaye dume wake ni mweusi mwenye koo la zambarau na kipaji cha kijani. Umanjano hafifu wenye michirizi myembamba, uso mweusi kama uliovishwa barakoa, mdomo mrefu uliopinda: jike wa shaba. Jike wa bawa-dhahabu ana kingo za manjano kwenye mabawa kama dume wake, kwa hiyo hakusumbui.

Watu hupenda kumtambua jike kwa dume aliye karibu naye. Inafaa kwenye kiota, haifai kwenye mti uliochanua. Mwamba-ngoma mmoja wenye maua unaweza kuvuta aina nne au tano kwa wakati mmoja, na kila dume atakuwa karibu na jike wa mwenzake. Tazama badala yake ni nani anafukuzwa na nani anaachwa ale.

Dume mchanga huanza akiwa na sura ya jike, kisha koo huwa jeusi, halafu viraka vya mng'ao hutokea hapa na pale. Kijana wa senegalensis mwenye kiraka kimoja chekundu kifuani si aina mpya. Aina kadhaa, zikiwemo famosa, bawa-dhahabu na yule asiaticus wa Oman, madume wazima huvua nguo za kuzalia msimu ukiisha. Asiaticus akiwa hivyo hubaki na tumbo la manjano lililopasuliwa na mstari mweusi kutoka koo kushuka chini.

Sauti husaidia zaidi kumpata alipo kuliko kumtaja jina. Karibu wote wana mlio mfupi mkali wa "chip" wanaporuka. Dume wa senegalensis hukaa juu kabisa, kwenye waya au tawi kavu, akitoa noti moja moja za taratibu, kubwa, kwa muda mrefu. Shaba hupiga "piyuu, piyuu" unayoisikia toka nyumba ya tatu. Rekodi kwa simu, lakini usimchezee sauti iliyorekodiwa ili aje, hasa wakati wa kuzaa: dume ataacha kula akitafuta adui asiyekuwepo.

Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, ni msaada mzuri kama umeiwekea mahali na tarehe sahihi. Kwa majike hubahatisha mara nyingi, basi jibu lake lipitishe kwenye maswali matatu ya hapo juu. Ukiwa na hakika, peleka kumbukumbu yako kwenye hifadhi za kumbukumbu za ndege kama eBird, Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, ukiandika jinsia na mwinuko. Usipokuwa na hakika, andika "chozi, aina haijulikani". Nafasi hiyo ipo kwenye fomu za eBird, na kumbukumbu ya namna hiyo haimpotezi mtu.

Anakula nini, na kwa nini ni mgomvi

Mbochi humpa nguvu, lakini mwili wake hujengwa na wadudu na buibui, na makinda hulishwa hao. Ukimwona anakagua upande wa chini wa majani au kona za dirisha, yumo kazini. Kwa maua marefu kuliko mdomo wake, kama hibiski, hutoboa tundu kwenye kitako cha ua na kunyonya kwa mlango wa nyuma, bila kugusa chavua. Vitundu hivyo ni ushahidi kwamba anapita hata kama hujamwona.

Ugomvi wake una hesabu. Huko Naivasha, miaka ya 1970, watafiti Frank Gill na Larry Wolf walimfuatilia bawa-dhahabu kwenye Leonotis, ule mmea wenye mafundo ya maua ya rangi ya chungwa kuzunguka shina. Waliona kwamba hulinda eneo pale tu ambapo mbochi anaouokoa kwa kuwafukuza wenzake unazidi nguvu anazotumia kuwafukuza. Maua yakiwa machache mno au yakiwa tele kila mahali, huacha kulinda. Ndiyo maana dume aliyekuwa mkali wiki iliyopita leo anakula na wengine: tazama maua, yamebadilika.

Ukitaka awe anakuja, panda mshubiri, hibiski, Tecomaria au mwamba-ngoma, na punguza dawa ya kuua wadudu. Maji ya sukari yanawezekana: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, chemsha, acha yapoe. Usitumie asali, huchacha na kuota ukungu. Wala usitie rangi. Kwa joto la pwani badilisha kila siku na suuza chombo kwa maji ya moto. Kitundike kivulini. Kwa ajili ya sisimizi weka kikombe kidogo cha maji katikati ya kamba. Usipake mafuta, yatashika manyoya. Dume mmoja akikimiliki chombo, weka cha pili upande wa pili wa nyumba, asikione akiwa kwenye cha kwanza.

Akipigana na kioo cha pembeni cha gari au dirisha, anapigana na sura yake mwenyewe. Vika kioo mfuko wa kitambaa gari likiwa limeegeshwa, na dirisha lipake sabuni kwa nje, hadi msimu wake wa kuzaa upite.

Kiota

Ni mfuko wa umbo la peasi ulioning'inia kwenye ncha ya tawi, tundu likiwa ubavuni karibu na juu, mara nyingi na kijibaraza kidogo kinachokinga mvua. Umeshonwa kwa utando wa buibui na nyasi, na nje hubandikwa majani makavu na maganda, hivyo hufanana na takataka iliyonaswa. Ndani kuna sufi na manyoya laini. Ukiona mfuko uliosukwa vizuri kwa nyasi za kijani, mlango ukitazama chini, hicho ni cha mnana.

Jike ndiye mjenzi mkuu na ndiye anayelalia, kwa kawaida mayai mawili, kwa muda wa wiki mbili au chini kidogo. Makinda hutoka baada ya wiki mbili nyingine au zaidi kidogo. Dume husaidia kulisha. Mara nyingi kiota huwa karibu na nyigu, ambao humlinda bila kujua, na vilevile karibu na watu: kwenye waya wa taa ya baraza, kamba ya nguo, mnyororo wa chungu cha maua. Chozi akimlisha kinda mmoja mkubwa kuliko yeye mwenyewe, huyo si mwanawe. Ni wa kekeo mdogo wa kijani, Chrysococcyx klaas, ambaye hutaga kwenye viota vya chozi.

Kiota kikiwa kwenye kamba ya nguo, hamisha nguo, si kiota: kikisogezwa hata mita chache jike anaweza asikirudie. Tazama kutoka mita 10, dakika tano zinatosha. Jike akikaa kwenye tawi la karibu akiwa na buibui mdomoni na haingii, wewe ndiye unayemzuia, ondoka. Usichungulie tundu kwa simu wala kukata majani yaliyo mbele yake ili upate picha, kwa sababu jua la mchana huwachoma makinda haraka na kunguru hupaona mahali palipowekwa wazi. Makinda wakishatoka, kiache kilivyo. Senegalensis hukirudia kilekile zaidi ya mara moja.